Mzigo Uliomkimbia Mama Mkwe

Kwanza toeni mkono kwenye mausi ya kompyuta. Najua mmeshabonyeza. Ninyi mainjinia vijana mkifungua matokeo, picha ikitokea na rangi zake, mnasema "iko sawa" halafu mnakimbia kutafuta chai. Mimi ndiye nilikuwa napika hiyo chai, kwa hivyo nawajua.

Naitwa Tabutany, mama yake Chebet. Shule nilifika darasa la tatu, na mwalimu wangu Sigilai, aliyekuwa na pengo mbele na bado alipenda kupiga mluzi, alisema mimi na hesabu hatujawahi kujulishana. Hata hivyo nimefanya kazi kwa karakana ya Injinia Mwangi pale Kapsoit mpaka magoti yakakataa. Tulikuwa tunaunda vyuma: stendi za tangi, ngazi, paa, fremu za mashine za majani chai. Niliandikwa kufagia na kupika chai. Nilistaafu nikiwa ndiye mtu wa picha.

Ilianza hivi. Injinia Mwangi alikuwa anakula chapati mbele ya kompyuta, mikono imejaa mafuta. Akaniambia, "Mama Chebet, hebu nizungushie hiyo picha, nisichafue mausi." Nikazungusha. Akasema, "Sasa ikate katikati tuone ndani." Akanionyesha pa kubonyeza, nikaikata. Tangu siku hiyo sikumbuki kama aliwahi kunawa mikono tena.

Kwa yule hajui, hiyo kazi iko namna hii. Kompyuta inachukua chuma chako kizima inakikatakata vipande vidogo vidogo, kama mtu anayekata sukuma wiki. Wewe unaiambia mzigo uko wapi na miguu imeshikwa wapi. Yenyewe inauliza kila kipande, "Wewe unaumia kiasi gani?" Kisha inapaka rangi. Bluu ni kipande kilicholala. Kijani kiko kazini. Nyekundu kinalia. Pembeni kuna ngazi ya rangi yenye namba, na hiyo ndiyo inasema kulia kwenyewe ni kwa kiasi gani. Injinia wengi wanafikiri kazi ni hesabu. Hesabu inafanywa na mashine. Kazi yako ni kujua ni nani analia kweli.

Maana kompyuta lazima ipake nyekundu mahali. Chepngeno, yule msichana injinia aliyekuja kutoka chuo akiwa na viatu vyeupe (nilimwambia, Chepngeno, hii ni Kapsoit, kuna matope, akasema ni sawa, Gogo, yaani nyanya, na kufikia saa nne vilikuwa vya kahawia), aliwahi kuweka kuku mmoja juu ya boriti ya kubeba lori. Kwenye kompyuta, si kuku wa kweli. Kilo mbili. Picha ikatoka nyekundu kama pilipili. Injinia Mwangi alipita nyuma yake akashtuka, "Ngai! Hiyo itavunjika!" Chepngeno akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Injinia, soma namba." Akasoma. Nyekundu ilikuwa karibu na sifuri. Kwa hivyo soma ngazi kwanza, rangi baadaye. Ukianza na rangi, utakimbizwa na kuku.

Mimi pia nilikosea. Kulikuwa na mteja wa Kipkelion, Mzee Chumo, aliyetaka stendi ya tangi la maji. Ya kwanza tuliyochora ilikuwa mbaya, miguu myembamba, na Injinia akanituma niprinti picha tumwonyeshe Mzee Chumo kwa nini anahitaji miguu minene. Printa ilikuwa imeishiwa wino mmoja, ule wa waridi. Sikujua kwamba wino huo ukiisha, nyekundu inatoka manjano. Nikampelekea Mzee Chumo picha nzuri, manjano na kijani, kama shamba la alizeti. Akaitazama akafurahi. "Sasa mbona Injinia anataka kuniongezea vyuma? Hii imetulia kabisa." Injinia akaeleza hatari, Mzee Chumo anaangalia alizeti. Injinia hakuwa ameiona karatasi, alikuwa anaongea akiangalia skrini yake. Walizozana chai mbili nzima kabla hawajageuziana karatasi na skrini. Tangu hapo kila picha yangu niliiandikia kwa kalamu pale juu: kubwa kabisa ni ngapi, iko wapi, na chuma hicho kinavumilia ngapi. Kalamu haina wino wa waridi.

Kitu kingine, kabla sijafika kwa wakwe zangu. Kuna kidoa chekundu kinachopenda kukaa kwenye pembe kali, pale chuma kinapokunja ghafla. Ukikata vipande vidogo zaidi ili ukione vizuri, namba inapanda. Ukikata vidogo tena, inapanda tena. Mara ya kwanza niliogopa. Injinia Mwangi akasema huo ni uongo wa mashine, pembe halisi haina ukali kama ule wa kuchora. Mimi nilikiita Kipchumba, kama mjukuu wangu wa tatu, ambaye akianguka anakutazama kwanza. Ukimwangalia, analia. Ukimsogelea, analia zaidi. Shida ya Kipchumba ni kwamba anakula ngazi yote ya rangi, wengine wote wanaonekana bluu, na labda kuna mmoja kule nyuma ameumia kweli na hasikiki. Mfiche Kipchumba kwa muda, panga ngazi upya, uone wengine. Halafu umrudie, maana siku moja moja huwa ameumia.

Haya. Sasa niwaambie vile nilikaribia kuhama kwangu nikiwa na miaka yangu hii.

Senta yetu ya majani chai iko kule chini ya Kapsoit, mahali pa mteremko. Ni pale tunapopelekea majani tuliyochuma, karani anapima, lori inabeba. Sakafu ya zamani ilikuwa ya mbao na ilioza. Siku moja Mzee arap Bett, mwenyekiti wa kamati ya senta, alitumbukia hadi kiunoni akiwa na gunia lake. Miguu ilikuwa inaning'inia chini, huku juu anaendelea kutoa amri. "Msinivute! Pimeni majani kwanza!" Wakapima. Ndipo kamati ikaamua itengenezwe sakafu ya chuma, iliyoinuliwa, na ncha moja itokeze hewani juu ya barabara ili lori ije chini yake na majani yamwagwe moja kwa moja. Kazi ikapewa Injinia Mwangi.

Injinia akaja na kompyuta yake mbele ya kamati, nami nikaja kuzungusha picha. Hapo akafanya kosa ambalo na ninyi mtafanya. Alionyesha picha ya kupinda bila kusema imezidishwa. Mnajua chuma kinapinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona, kwa hivyo programu inazidisha, labda mara mia mbili, ili uone kinaelekea wapi. Kamati ikaona sakafu imelegea kama mgongo wa ng'ombe mzee. Halafu akabonyeza ile ya kuchezesha, sakafu ikaanza kwenda juu, chini, juu, chini.

Mzee arap Bett akavua kofia. "Injinia. Hiyo kitu inapumua."

"Mzee, ni ya kuonyesha tu."

"Unatuonyesha vile tutakufa?"

"Haitapinda hivyo, mzee. Hii ni mara mia mbili."

"Mara mia mbili kwa siku?"

Watu wakaanza kuinuka. Mama Nancy, fundi wa nguo ambaye naye ni wa kamati, mtu wa kutoka Nyeri aliyekaa kwetu mpaka anatukana kwa Kipsigis, akasema heri mbao. Nikaona kazi inatoroka. Nikasimama, nikachukua kijiko cha chai nikampa mwenyekiti. "Jitazame huko nyuma ya kijiko, mzee."

Akajitazama.

"Pua yako iko namna gani?"

"Kubwa."

"Na ni pua yako?"

"Ni yangu."

"Basi hiyo picha ni kijiko. Sakafu ni yenyewe, imekuzwa pua." Nikaipeleka programu kwenye moja, yaani bila kuzidisha, sakafu ikanyooka kama meza. Nikawasomea namba. Kisha, kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza na mimi sijazoea kusikilizwa na wanaume waliokaa, mdomo ukaenda mbele yangu. Nikasema, "Hii sakafu itabeba watu wote wa hapa na magunia yao. Ikianguka, mimi Tabutany nitahama mlima huu, nirudi kwa mama yangu Kaplong."

Mama yangu alishafariki zamani, na kila mtu kwenye kikao alikuwa amekula matanga yake. Lakini neno lilishatoka. Mzee arap Bett alirudisha kofia kichwani. "Tumesikia. Andika hiyo, karani." Karani Cheruiyot akaandika.

Wiki mbili baadaye nilikuwa karakana nasubiri maji yachemke. Vyuma vilishakatwa. Nikawasha kompyuta nizungushe ile sakafu yangu kidogo, kwa kiburi tu, kama mtu anayefungua kabati kutazama nguo ya harusi. Nikawasha ile mishale inayoonyesha mzigo. Ilikuwa imeshuka sawasawa kutoka ncha hadi ncha, imepangwa kama meno ya kitana. Nikaitazama. Maji yakachemka, yakamwagika, yakazima jiko. Nikasema kwa sauti, "Hakuna mtu wa kwetu anasimama hivyo."

Injinia Mwangi akaja mbio kwa sababu ya moshi. "Mama Chebet, nini?"

"Huu mzigo ni uongo."

"Huo ni wa kitabu. Mzigo wa watu unasambazwa sawa sakafu nzima."

"Hicho kitabu kina mama mkwe?"

Akanitazama kama mtu anayepima kama nina homa. Lakini Chepngeno, huko kwenye meza yake, alishashika kichwa. Yeye ni wa kwetu. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawagusani bega, hawapitani kwa njia nyembamba. Ni heshima. Tena mama mkwe si mmoja, dada zake wamo, na majirani wa rika lake wamo. Mume wa Chepngeno mwenyewe aliwahi kupita katikati ya mahindi mabichi akiwa na suti, aliposikia mama mkwe wake anakohoa barabarani.

"Karani anakaa ncha ya juu na mizani," nikamwambia Injinia. "Nani huleta majani asubuhi na mapema? Sisi kina mama. Tunajaa kwenye mizani. Sasa kijana akipanda na gunia, anakuta pale amesimama mama wa mkewe. Ataenda wapi?"

"Atangoja zamu yake."

"Atangojea wapi, Injinia?"

 Akatazama ncha ile nyingine ya picha, ile inayotokeza hewani juu ya barabara. "Ngai," akasema polepole.

"Na sisi tukishapima tunashuka kwa ngazi ya huku juu. Wao wamebaki kule, wote, na magunia."

"Ni wangapi?"

Hapo ndipo faida ya kukumbuka majina. Nikamhesabia: Kiprono, mume wa Chebet wangu, mnene, anapenda nyama. Langat wa Chemutai, mrefu na mwembamba. Ngeno na ndugu yake Rotich, waliooa kwa nyumba moja, na wakikimbia wanakimbia pamoja. Sang wa Chelangat, ambaye hubeba magunia mawili ili aonekane. Nikaenda mpaka kumi na mmoja. Chepngeno anaandika kilo, mimi naongeza, "Huyo ameongezeka tangu Krismasi." Akauweka huo mzigo wote kwenye ncha ya hewani, na upande wa mizani akaacha wazi. Programu ilidai jina la huo mzigo. Akaandika MAMA MKWE.

Tukaiacha ihesabu. Picha ikatokea. Sikuangalia rangi. Nilikwenda kwenye kupinda, nikazidisha mara hamsini. Ncha ya hewani ilikuwa imeinama kuelekea barabarani, sawa, hiyo tulitarajia. Lakini ncha ya mizani ilikuwa imeinuka. Imetoka kwenye msingi wake. Mnajua benchi la kanisa, mtu wa mwisho akisimama ghafla na yule mnene amebaki kwenye ncha? Ilikuwa hivyo. Ile sakafu yangu, niliyoiapia mbele ya kamati, ingeangusha wakwe kumi na mmoja barabarani na kumrusha Karani Cheruiyot juu pamoja na mizani na kile kitabu chenye ahadi yangu.

"Kwa hivyo tulikuwa tumepata jibu sahihi kabisa," akasema Injinia Mwangi, "la watu wasiokuwepo."

Akashika rula. Simdharau kwa kosa lake, maana niliona injinia wengine wakikosolewa na mtu wa ufagio, wakageuka wekundu kuliko picha. Yeye aliuliza tu, "Mama Chebet, kuna siku wanasimama tofauti?" Nikasema siku ya mvua, chini ya paa, lakini bado wakiwa mbali nasi. Tukaongeza nguzo mbili chini ya ile ncha, pembeni ili lori ipite, na kule kwenye mizani boliti ndefu za kuishikilia sakafu kwenye zege iliyo chini. Tukahesabu tena. Nikakagua miguu yote, hakuna hata mmoja uliokuwa unainuka. Programu ilisema ncha itashuka milimita sita.

Siku ya kujaribu, Injinia alikuwa amepanga kupandisha magunia ya mchanga, lakini lori ya mchanga ilikwama Kapsoit kwenye matope. Watu walikuwa wamefika wote. Mzee arap Bett akasema, "Hakuna mchanga, kuna watu. Vijana, pandeni na magunia yenu."

Vijana wakapanda, wale wale kumi na mmoja. Wakasimama katikati kabisa, wamebanana kama vifaranga, kila mmoja anakumbuka miguu ya mwenyekiti ikining'inia. Injinia amelala chali chini ya ncha ya hewani, ameshika kipimo chake. "Sogeeni huku mwisho!" Hakuna aliyesogea. "Jamani, nimelala chini yake! Mimi ndiye nitaumia!" Rotich akamjibu kutoka juu, "Basi toka hapo, Injinia, na sisi tutashuka!"

Chepngeno akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa. Nikaokota kikapu changu, nikafunga leso vizuri, nikapanda ngazi upande wa mizani.

Kiprono aliniona kwanza. Akarudi nyuma hatua mbili. Langat akarudi, maana mimi na mama ya Chemutai ni kama dada. Nikafanya hatua moja. Kumi na mmoja wakafanya hatua moja. Nikakohoa kidogo. Wakaenda hatua nne. Mimi ni mwanamke wa kilo hamsini, na ninawaambia, sijawahi kuona chombo cha kusukuma mzigo kinachonishinda.

"Milimita tatu!" Injinia akapiga kelele kutoka chini. "Endelea, Mama Chebet!"

Nikaendelea. Mama Nancy amejishika tumbo kwa kucheka. Mzee arap Bett amesimama, kofia mkononi.

"Nne! Tano! Hatua mbili zaidi!"

Nikafanya hatua mbili. Wote walikuwa kwenye ncha kabisa, magunia mabegani, visigino hewani, wanatazama mlima wa mbali kwa heshima. Mimi pia niliangalia chini, kwa heshima, na kwa sababu nilikuwa nasikiliza chuma. Nilikuwa nafikiri juu ya Kaplong. Nilikuwa nafikiri nyumba ya mama ilishabomolewa na pale kuna mahindi ya mpwa wangu.

"Sita!" akalia Injinia. "Sita na nywele! Imesimama!"

Nikageuka kumtazama Karani Cheruiyot kwenye mizani. Meza yake haikuwa imeinuka hata kidogo. Alikuwa anakunywa uji.

Sasa, kwa kuwa nilikuwa nimegeuka, kikapu kikamgusa, au karibu kimguse, Kiprono. Maskini hakuwa na pa kwenda. Lori ya majani ilikuwa imesimama barabarani, mbele kidogo ya ncha, imejaa. Akaruka. Akazama kwenye majani hadi kifuani, gunia kichwani. Ngeno akaruka, kwa hivyo Rotich akaruka. Wote wakaingia, kumi na mmoja, kama vyura.

 Halafu sauti ya Injinia ikatoka chini, nyembamba, kama ya mtu anayekaribia kulia. "Imerudi sifuri. Jamani, imerudi sifuri kabisa."

Hilo liwekeni kichwani. Chuma kizuri kinainama, na mzigo ukitoka kinarudi kama hakikusikia kitu. Mzee arap Bett akavaa kofia, akamwambia karani, "Ile ya Tabutany kuhama, futa." Cheruiyot akakataa, akasema kitabu hakifutwi, akapiga mstari mmoja juu yake. Bado unasomeka.

Mimi siku hizi niko nyumbani. Chepngeno hunipigia simu. Juzi aliniambia kuna injinia mpya, Brian, amefungua faili za zamani akakuta kwenye orodha ya mchoro wetu wa kwanza wa sakafu mzigo unaoitwa MAMA MKWE, akataka kuufuta akidhani ni mzaha. Chepngeno akamwambia achezeshe picha kwanza. Akachezesha. Akaona ile ncha ya mizani ikiinuka, akauliza huyo mama ni mzito kiasi gani.

Na Kiprono bado anapeleka majani pale pale. Kila asubuhi, kabla hajatoka, anamwambia Chebet anipigie aulize kama leo nitaenda senta. Mimi humjibu Chebet vilevile: nitaenda. Mwambie asirukie lori, majani ya watu yanapondeka. Asimame pale mwisho. Nilimwekea nguzo mbili.